Biva: mjenzi wa mabwawa asiyesomea ujenzi

Katika miaka ya 1960, mtafiti mmoja wa Sweden aitwaye Lars Wilsson aliwalea biva wachanga mbali na wazazi wao. Wanyama hao hawakuwahi kuuona mto, wala hawakuwahi kumwona biva mkubwa akifanya kazi. Siku walipofikishwa kwenye maji yanayotiririka, walianza mara moja kuyazuia kwa matawi na tope, na tuta walilolijenga lilifanana na yale yanayojengwa na biva wa porini waliokulia kwa wazazi wao.

Kisha mtafiti huyo akafanya jaribio jingine. Aliinasa sauti ya maji yanayokwenda, akaifungulia kwa kipaza sauti mahali ambapo hapakuwa na maji yoyote ya kuzuia. Biva wakakifuata kipaza sauti kile, wakaanza kukirundikia vijiti na tope juu yake, kama mtu anayeziba tundu la mtungi unaovuja. Kwao, sauti ya maji yanayopotea ni amri ya kwenda kazini.

Nani aliyewafundisha? Muislamu anayesoma Qur'ani hapati tabu kubwa kulijibu swali hili. Katika Suratun-Nahl, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametueleza jinsi Alivyompa nyuki ilhamu ya kujijengea makazi milimani na mitini. Na katika Suratul-An'aam tumefahamishwa kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mbalimbali, mfano wetu sisi. Biva hakutajwa kwa jina, lakini ni mmoja katika umma hizo, na habari zake zina mafunzo kwa kila familia. Zimo ndani yake habari za kazi na malezi. Zimo pia habari za tamaa ya mwanadamu, na za mizani ambayo Mola ameiweka katika ardhi na sisi tumeivuruga mara mbili kwa mnyama huyu huyu mmoja.

Ni mnyama wa namna gani?

Biva ni mgugunaji, yaani yumo katika kundi moja na panya, kindi, nungunungu na ndezi. Tofauti kubwa ni umbo lake na makazi yake. Biva mzima huwa na uzito wa kilo 15 hadi 30, na miongoni mwa wagugunaji wote wa dunia anayemzidi ukubwa ni kapibara peke yake, mnyama wa mito na mabwawa ya Amerika ya Kusini. Ziko aina mbili za biva: mmoja ni wa Amerika ya Kaskazini, na mwingine ni wa Ulaya na Asia. Katika bara letu la Afrika hayupo.

Maisha yake yamegawanyika kati ya maji na nchi kavu. Anapotembea ardhini ni mzito na mwepesi wa kukamatwa, na adui zake, kama vile mbwa mwitu na dubu, wanalijua hilo. Anapoingia majini anakuwa mnyama mwingine kabisa. Miguu yake ya nyuma ina utando kati ya vidole, kama ya bata. Pua na masikio yake hujifunga anapozama. Macho yake yana kope ya tatu inayopitisha nuru, ambayo huyafunika bila kumzuia kuona. Midomo yake nayo hukutana nyuma ya meno ya mbele, hivyo anaweza kutafuna tawi akiwa ndani ya maji bila maji kumwingia kooni. Kwa kawaida huzama kwa dakika chache tu, lakini akilazimika huweza kukaa chini kwa takriban robo saa.

Meno yake ya mbele ni ya rangi ya chungwa, kwa sababu ganda lake la nje lina madini ya chuma. Ganda hilo ni gumu kuliko sehemu ya jino iliyo nyuma yake. Anapoguguna, sehemu ya nyuma huliwa upesi na ya mbele hubaki, basi jino linajinoa lenyewe kama patasi kila linapotumika. Tena meno hayo hayaachi kukua maisha yake yote. Seremala wetu hununua jiwe la kunolea, na biva hunoa kwa kufanya kazi.

Mkia wake ni mpana na bapa, umefunikwa na magamba, nao una matumizi mengi. Majini ni usukani. Nchi kavu ni tegemeo anaposimama kuguguna mti. Ndani yake huhifadhi mafuta ya kumsaidia wakati wa baridi. Na inapotokea hatari, biva aliyeiona kwanza huupiga mkia juu ya maji kwa kishindo, na wenzake wote huzama. Wako wanaosimulia kwamba biva hubebea tope kwa mkia au kuupigia lipu kama mwiko wa fundi mwashi. Hilo si kweli. Tope hulibeba kwa mikono yake ya mbele, akilikumbatia kifuani.

Wako pia wanaodhani kwamba biva hula samaki, kwa kuwa anaishi majini. Hali samaki hata kidogo. Chakula chake ni majani, mimea ya majini, na ganda laini la ndani la miti kama mierebi na mipopla.

Kwa nini hujenga?

Watu wengi hudhani kuwa biva hukaa ndani ya lile tuta linaloziba mto. La, tuta si nyumba. Hulijenga ili maji yatuame, bwawa litokee, na katikati ya bwawa hilo aweze kuijenga nyumba iliyozungukwa na maji pande zote.

Kazi huanza kwa kuangusha miti. Biva huguguna shina kulizunguka mpaka linabaki jembamba katikati na kuanguka. Matawi huyakata vipande na kuyavuta majini. Huyapanga kukatisha mkondo, huyakandamiza kwa mawe, kisha huziba mianya kwa tope na majani. Yako matuta ya urefu wa hatua chache tu, na yako yaliyoshangaza dunia. Mwaka 2007, picha za satelaiti zilidhihirisha tuta moja ndani ya Hifadhi ya Wood Buffalo, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, lenye urefu wa takriban mita 850. Hilo ni kubwa kuliko matuta yote ya biva yanayojulikana.

Nyumba yenyewe ni rundo la matawi na tope lililochomoza juu ya maji. Milango yake iko chini ya maji, hivyo adui wa nchi kavu hawezi kuingia. Ndani, juu ya usawa wa maji, kuna chumba kikavu cha kulala. Kileleni huachwa sehemu isiyokandikwa tope, ili hewa ipite. Majira ya baridi yanapofika, tope la nje huganda na kuwa gumu kama saruji, na mbwa mwitu hata akipanda juu ya paa hawezi kulifukua. Asubuhi za baridi kali, mpita njia huweza kuona mvuke wa pumzi za familia ukifuka juu ya kilele cha nyumba.

Biva halali usingizi wa majira yote ya baridi kama wafanyavyo baadhi ya wanyama wa nchi hizo. Basi atakula nini, na bwawa zima limefunikwa na barafu? Jibu ni kwamba alikwisha kujiandaa. Kabla ya baridi, familia hukata matawi mabichi na kuyachomeka katika tope chini ya bwawa, karibu na mlango wa nyumba. Maji baridi huyahifadhi yasiharibike. Barafu inapofunga juu, biva hutoka mlangoni, huchukua tawi, na kurudi nalo ndani. Msomaji atakumbuka kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na ghala la Misri: wakati wa neema ndio wakati wa kuweka akiba.

Familia na malezi

Biva huishi kwa familia. Dume na jike mmoja hukaa pamoja kwa miaka mingi, na kwa kawaida hawatengani mpaka mmoja wao afe. Ndani ya nyumba moja hukaa wazazi hao wawili, watoto waliozaliwa mwaka huo, na ndugu zao waliozaliwa mwaka uliotangulia.

Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi mitatu na nusu hivi, na huzaa mara moja kwa mwaka, aghalabu watoto wawili hadi wanne. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka, lakini huanza maisha yao ndani ya nyumba. Mama hunyonyesha. Baba hulinda mipaka na kulikarabati tuta. Ndugu wakubwa huleta matawi yenye majani laini, na hukaa na wadogo zao wakati wazazi wako kazini.

Mtoto wa biva hukaa kwa wazazi wake kwa takriban miaka miwili kabla ya kuondoka kwenda kutafuta mto wake na mwenzi wake. Kwa mgugunaji, huo ni muda mrefu mno. Panya wa nyumbani huachana na mama yake baada ya wiki chache. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Tumeona kuwa biva amezaliwa na ilhamu ya kujenga, na kwamba hata aliyelelewa peke yake huweza kuziba maji. Hata hivyo Mola amemjaalia miaka miwili ya kuwa chini ya wazazi wake, akishiriki kazi zao usiku baada ya usiku. Kipaji peke yake hakikutosha, pamewekwa na malezi pia. Wazazi tunaotaraji kwamba mtoto atajua swala, adabu na kazi kwa sababu tu amezaliwa katika nyumba ya Waislamu tunapaswa kulitafakari hilo.

Je, vanila yetu inatoka kwa biva?

Biva ana vifuko viwili karibu na mkia ambavyo hutoa mafuta yenye harufu kali. Hupaka mafuta hayo kwenye vilima vidogo vya tope kandokando ya bwawa, na harufu yake huwajulisha biva wengine kwamba eneo hilo lina wenyewe. Matabibu wa zamani waliyatumia kama dawa. Waarabu waliyaita jundubadastari, na Ibn Sina ameyataja miongoni mwa dawa katika kitabu chake mashuhuri cha tiba, Al-Qanun.

Habari hii inazihusu familia zetu kwa sababu moja. Huzunguka katika simu ujumbe unaodai kwamba vanila tunayotia katika keki na maandazi imetengenezwa kwa uchafu wa mnyama huyu. Kina mama wengi wamefadhaishwa nao. Suratul-Hujurat imetufunza kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, basi tuichunguze.

Ni kweli kwamba mafuta hayo yamewahi kutumika kwa kiasi kidogo katika manukato, na hata katika ladha za vyakula. Lakini kuyapata ni kazi ngumu na ya gharama kubwa, na matumizi yake katika chakula leo ni nadra mno. Vanila halisi ni tunda la mmea utambaao, unaolimwa Madagaska, Uganda, na hapa Tanzania katika mikoa kama Kagera. Vanila ya bei nafuu ya madukani hutengenezwa viwandani, kwa sehemu kubwa kutokana na kemikali za mafuta ya petroli au za miti. Anayetaka kuchunga uhalali wa chakula chake ana jambo lililo karibu zaidi la kutazama katika kichupa kile, nalo ni alkoholi, ambayo hutumika mara nyingi kuyeyushia vanila. Asome maandishi ya kichupa, na penye shaka awaulize wanazuoni. Biva hana hatia.

Kofia zilizomaliza umma mzima

Manyoya ya biva yako tabaka mbili. Ya juu ni marefu na magumu. Ya chini ni mafupi, laini, na yamesongamana kiasi kwamba maji hayamfikii ngozini. Neema hiyo ndiyo iliyomletea balaa.

Mafundi wa Ulaya waligundua kwamba manyoya ya chini yakishindiliwa hushikana na kuwa kitambaa imara kisichopitisha mvua, kinachofaa kutengenezea kofia. Kofia za biva zikawa fahari ya mabwana wa London na Paris. Biva wa Ulaya walipokwisha, wafanyabiashara waligeukia Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1670 ilianzishwa Kampuni ya Hudson's Bay, ambayo utajiri wake ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya ngozi za biva. Mafundi wa kofia nao hawakusalimika, kwani zebaki iliyotumika kulainisha manyoya iliwadhuru wengi wao akili na viungo.

Inakisiwa kwamba kabla ya biashara hiyo Amerika ya Kaskazini ilikuwa na biva wasiopungua milioni 60. Kufikia mwaka 1900 walikuwa wamebaki wachache kabisa, pengine 100,000. Hali ya Ulaya na Asia ilikuwa mbaya zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamesalia biva wapatao 1,200 tu, wametawanyika katika maeneo machache. Huko Uingereza walikuwa wamekwisha tangu karne ya 16.

Kilichowasaidia kidogo si huruma. Katika karne ya 19 mtindo wa mavazi ulibadilika, na mabwana wakapenda kofia za hariri. Tuseme wazi kwamba umma mzima katika umma za Mwenyezi Mungu uliletwa ukingoni mwa kuangamia kwa ajili ya vazi la kichwani ambalo wajukuu wa wavaaji hawakulitaka tena. Israfu ina sura nyingi, na hii ni mojawapo.

Alipoondoka, maji nayo yaliondoka

Miaka mingi ilipita kabla watu hawajafahamu kilichopotea pamoja na mnyama huyu. Matuta yasiyokarabatiwa yalibomoka. Maji yaliyokuwa yakikaa yakawa yanapita kwa kasi, yakichimba mito na kuondoka na udongo. Visima na mabonde yakakauka mapema.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Tuta la biva huvuja kidogo kidogo, wala halikusudiwi kulifunga maji moja kwa moja. Bwawa huyapunguza mwendo, na sehemu yake huzama ardhini na kunyanyua maji ya chini. Mvua kubwa ikinyesha, mafuriko hupata mahali pa kutulia. Kiangazi kikija, yale yaliyohifadhiwa ardhini hurudi mtoni polepole. Ndani ya bwawa hukaa samaki, vyura, bata na wadudu wasiohesabika, na linapojaa udongo na kuachwa huwa bonde lenye rutuba.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Emily Fairfax na mwenzake, waliochunguza mioto mikubwa ya nyika magharibi mwa Marekani. Walikuta kwamba kingo za mito zenye matuta ya biva zilibaki kijani, na kwamba zile zisizokuwa nayo ziliathirika takriban mara tatu zaidi. Moto ulikuwa umezunguka pande zote, na penye biva majani yalikuwa na maji.

Kwa hiyo watu wakaanza kuwarudisha. Kisa kinachowafurahisha sana watoto ni cha jimbo la Idaho nchini Marekani, mwaka 1948. Maofisa walitaka kuwahamishia biva kwenye milima isiyo na barabara, na safari ya nyumbu iliwachosha na kuwaua. Wakaamua kutumia miavuli ya kijeshi iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Biva waliwekwa ndani ya masanduku ya mbao yanayojifungua yakigusa ardhi, wakaangushwa kutoka kwenye ndege. Biva dume mmoja, waliyempa jina la Geronimo, aliangushwa mara nyingi kwa majaribio, mpaka akazoea na kuingia mwenyewe ndani ya sanduku. Jumla yao walikuwa 76, na ni mmoja tu aliyekufa.

Leo Ulaya ina zaidi ya biva milioni moja, na Amerika ya Kaskazini ina mamilioni. Mapema mwaka 2025 zilitangazwa habari za eneo la Brdy katika Jamhuri ya Cheki. Serikali ilikuwa imepanga kujenga vizuizi vya maji ili kuhuisha ardhi oevu, na mradi ukakwama miaka saba kwa sababu za vibali na umiliki wa ardhi. Biva wanane wakaja, wakavijenga wenyewe karibu na pale pale palipokusudiwa. Serikali ikajikuta imeokoa korona za Cheki zipatazo milioni 30.

Si kwamba biva hana udhia. Huyaacha mashamba yakizama, hukata miti ya matunda, huziba makalvati ya barabara. Wenyeji wanaomstahamili wamejifunza kuzungushia miti waya, na kupitisha bomba ndani ya tuta ili maji yasizidi kiwango. Mdomo wa bomba huwekwa mbali ndani ya bwawa, mahali ambapo maji huingia kimya kimya. Biva asiposikia maji yakikimbia, hana habari kwamba yanapotea.

Mahali pasipo pake

Mpaka hapa msomaji anaweza kuona kwamba popote palipo na ukame dawa ni kupeleka biva. Wako waliofikiri hivyo kwa sababu nyingine, na matokeo yake yaonekana mpaka leo.

Mwaka 1946, serikali ya Argentina iliwaleta biva 20 kutoka Kanada na kuwaachia katika kisiwa cha Tierra del Fuego, kwenye ncha ya kusini kabisa ya Amerika. Nia ilikuwa kuanzisha biashara ya manyoya. Biashara haikusimama, lakini biva walisimama. Huko hakuna dubu wala mbwa mwitu wa kuwapunguza. Wakazaana mpaka wakakadiriwa kufika 100,000, wakavuka maji mpaka upande wa Chile, na hatimaye wakafika bara.

Miti ya Amerika ya Kaskazini, kama mierebi na mipopla, imezoeana na biva tangu enzi. Ukiikata huchipua tena kisikini, na mizizi yake huvumilia maji. Miti ya Tierra del Fuego haikuumbiwa hivyo. Mti uitwao lenga ukigugunwa hauchipui, na ukisimama ndani ya maji hufa. Matokeo yake ni mabonde mazima ya miti mikavu, myeupe kama mifupa, iliyosimama ndani ya mabwawa. Mwaka 2008 Argentina na Chile zilikubaliana kwamba hakuna njia ila kuwaondoa biva wote, na kazi hiyo ni ngumu na ya gharama kubwa kupita kiasi.

Tazama, basi. Mnyama ni yule yule, na ilhamu yake ni ile ile. Huko kaskazini anahuisha bonde, na huku kusini anaua msitu. Biva hakubadilika tabia na wala hana dhambi. Kilichobadilika ni mkono wa mwanadamu, ambao kwanza ulimwondoa pale Mola alipomweka, kisha ukampeleka pale ambapo hakumweka, na mara zote mbili sababu ilikuwa ni manyoya.

Mizani katika ardhi yetu

Tusidhani kwamba hayo ni ya wengine. Mgugunaji mwingine wa majini, koipu wa Amerika ya Kusini, aliletwa Kenya kufugwa kwa ajili ya manyoya yake. Wengine wakatoroka, na katika miaka ya 1960 wakaingia Ziwa Naivasha, ambako wanatajwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwa mayungiyungi ya ziwa hilo. Kunguru wa India wanaotusumbua Dar es Salaam na miji mingine ya pwani waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Sangara alitiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, akaleta fedha, na samaki wadogo wa aina nyingi sana wakatoweka. Kila mmoja aliletwa na mtu aliyeona faida moja na asiuone upande wa pili wa mizani.

Katika Suratur-Rahman, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameitaja mizani mara baada ya kutaja jua, mwezi, mimea na mbingu, na Ametuonya tusiivuke wala tusiipunguze. Tumezoea kuisoma aya hiyo tukimfikiria muuza duka na kilo yake, na ni sahihi kuisoma hivyo. Lakini mizani iliyotajwa pamoja na mbingu ni pana kuliko ya dukani. Na katika Suratur-Rum tumetahadharishwa kwamba ufisadi unaodhihiri bara na baharini chanzo chake ni matendo ya watu.

Sisi hatumhitaji biva, na Mungu atuepushe na atakayependekeza kumleta. Tunachokihitaji ni somo lake. Wakulima wa Ukambani nchini Kenya hujenga kuta ndogo katika mito ya msimu. Mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga mpaka kiangazi, yakalindwa na jua. Hawakufundishwa na biva, lakini kazi ni ile ile ya kuyapunguza maji mwendo ili ardhi iyanywe. Kila mwenye shamba la mteremko anaweza kuchimba makinga maji. Kila mwenye kipande kando ya mto anaweza kuacha miti ya ukingoni isimame. Kila mwenye nyumba ya bati anaweza kufunga mfereji na kuweka tangi.

Na ndani ya nyumba somo liko karibu zaidi. Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) amefundisha kutofuja maji ya udhu, hata kama mtu yuko kwenye mto unaokwenda. Leo jioni, watoto watakapokwenda kutawadha na bomba likabaki wazi, mzazi awaite awasimulie habari za biva. Awaambie kwamba yuko mnyama, katika nchi za mbali, ambaye hajasoma wala hajapewa akili kama yao, na ambaye akisikia maji yanapotea hawezi kukaa.